Mbegu Iliyokuwa Ndani ya Mkebe

Kila Jumatatu asubuhi kazi yangu ilikuwa kuning'iniza watoto wa watu. Katika kliniki yetu ndogo pale Voi mzani ulifungwa kwenye boriti ya veranda, na chini yake kulikuwa na suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mama anamvua mtoto nguo, mimi namtumbukiza ndani ya ile suruali, mtoto anapiga mayowe kama anayechinjwa, mshale unacheza, unatulia, nasoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi yake. Nukta ya leo naiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, namwambia mama vizuri, endelea hivyo hivyo. Ukilala, namuuliza maswali. Ukishuka, nagomba. Nilikuwa mgomvi, sikatai, na akina mama walinipa jina la utani ambalo mpaka leo sipendi kulisikia.

Hawakujua kwamba ndani ya mfuko wa sare yangu mlikuwa na kadi nyingine. Ilikuwa ya binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, mwenye miezi mitatu na siku chache. Nilikuwa nampima peke yangu, watu wakishaondoka, mlango umefungwa. Mwezi wa pili alikuwa na kilo nne kasorobo. Mwezi wa tatu alikuwa na kilo nne kasorobo vile vile, na mimi mpimaji nilisimama mbele ya mzani nikaugonga kwa kidole nikidhani umekwama. Haukuwa umekwama.

Sababu niliijua. Likizo ya uzazi siku zile ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua, ile ya mwaka umeisamehe. Wiki ya tano titi langu la kushoto lilivimba, likawa jipu, likapasuliwa. Wiki ya tisa nilikuwa nimerudi kazini, shifti ya mchana wiki hii, ya usiku wiki ijayo. Titi la kulia lilijitahidi peke yake, kisha nalo likakata tamaa. Nilikunywa uji, nikanywa supu, nikatafuna njugu, nikafuata kila neno ambalo mimi mwenyewe huwaambia wengine. Wapi! Nilikuwa nakamua nusu kikombe kwa siku, nacho nakitolea machozi. Nilichoka uchovu ule ambao ukilala unaamka nao, umekungoja kando ya kitanda.

Na mimi ndiye niliyekuwa natoa somo la asubuhi. Kabla ya kupima, akina mama wakishakaa kwenye mabenchi, nilisimama na ile picha kubwa ya mwanamke anayenyonyesha, nikasema maziwa ya mama hayana mfano, nikasema chupa huleta kuhara, nikasema msidanganywe na mikebe. Yote yalikuwa kweli. Muuguzi mwenzangu, ambaye peke yake aliijua hali yangu, alinitania siku moja tukinawa mikono: "Mganga hajigangi, dada." Nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikaosha uso, nikarudi kupima.

Wala aibu haikuwa hiyo tu. Miaka ile, ya tisini ikielekea mwisho, mwanamke akionekana na mkebe wa maziwa ya mtoto watu hawakuuliza titi lake lina nini. Walijijibu wenyewe. Ugonjwa wenyewe, ule ambao mwenye nao huambiwa asinyonyeshe, haukutajwa kwa mdomo, ulitajwa kwa macho. Kwa hiyo mikebe ilipofika niliificha chini ya kitanda, nyuma ya ndoo.

Ilitoka Ulaya. Wifi yangu alikuwa ameolewa huko, na aliposikia mtoto wa kaka yake haongezeki alituma katoni ya mikebe minane kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija nyumbani. Mume wangu alikuwa karani wa reli, wamemhamishia Mombasa, tukionana mwisho wa mwezi. Ndiye aliyeileta ile katoni, akaitua mezani kwa mbwembwe kama mtu aliyeleta mbuzi wa sherehe. Nilifungua mkebe mmoja, nikasoma karatasi iliyokuwa ndani, upande wa Kiingereza. Nikarudia kusoma. Ilisema maziwa haya yametiwa bakteria hai, wale wazuri wanaokaa matumboni mwa watoto wanaonyonya, ili wasaidie tumbo na makuzi. Ilisema maji yachemshwe, kisha yaachwe mpaka yawe vuguvugu ndipo unga utiwe, kwa kuwa maji ya moto yatawaua.

Haki ya Mungu, nilikaa chini. Miaka sita nimekausha koo nikiwaambia watu wa Voi wachemshe, wachemshe, waue vidudu. Leo naletewa vidudu kwenye mkebe naambiwa nivitunze.

Siku iliyofuata niliipeleka ile karatasi kwa daktari wetu. Hakuwa daktari wa shahada kubwa, lakini kliniki nzima ilimwita hivyo na alistahili. Aliisoma amesimama, mgongo ukutani, maana naye alikuwa hajakaa tangu asubuhi.

"Hii sijawahi kuiona," akasema.

"Ni salama?"

"Kwa mtoto wa huko, mwenye afya yake, pengine havina neno. La sivyo wasingewapa watoto wao. Lakini kwa mtoto aliyelegea kama wako, na maji yetu haya, na joto hili? Sijui, dada yangu. Sitakudanganya."

"Na kukua? Wameandika vinasaidia kukua."

"Mwenye njaa ukimpa chakula ataongezeka. Sasa utajuaje kama ni vidudu ama ni chakula?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mpe. Kwa kikombe na kijiko, si chupa. Umpime kila wiki, uandike. Ukiona anaharisha, acha siku hiyo hiyo uniletee."

Nilimshukuru. Nimefanya kazi na madaktari wengi tangu hapo, na ni wachache waliowahi kuniambia neno hilo, sijui.

Mtu wa kumlisha mtoto nikiwa kazini alikuwa mama mkwe wangu. Alishuka kutoka Wusi, kule juu kwenye ukungu, kichana cha ndizi mkono mmoja na kibuyu chake cha maziwa mkono wa pili. Voi hakuipenda hata kidogo. Alisema kuishi Voi ni kuishi ndani ya sufuria, na kila jioni alitoa kigoda nje akatazama upande wa milima kama mtu anayengoja kuitwa. Lakini alikuja, kwa sababu nilimwomba. Alikuwa amezaa watoto saba na wote saba walikuwa hai, na kwa wanawake wa umri wake hilo si jambo dogo.

Wote saba, aliniambia, walikua kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe yaliyolala kibuyuni. Alikisugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia moshi, akatia maziwa mapya, akamiminia juu yake kikombe kimoja cha yale ya zamani, akakiegemeza kwenye kona ya jikoni. Siku ya pili au ya tatu yakawa yameganda, meupe, machachu kwa kiasi chake. Kile kikombe cha zamani alikiita mbegu. Hakuna siku iliyopita bila mbegu ile nyumbani kwake, na alikuwa amepewa na mavyaa wake alipoolewa.

Nilimwonyesha mkebe na namna ya kupima vijiko. Hakujua kusoma, lakini jicho lake lilikuwa kali, nikamwonyesha mara moja tu akashika.

"Humu mna nini hata kutoka Ulaya?" akauliza.

Nilitaka kumpa maneno atakayoyaelewa. Nikasema, "Mna vidudu vizuri, mama. Ni kama vile vilivyo kwenye kibuyu chako."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Lo! Kwa hiyo wazungu wamekianika kibuyu, wakakisaga, wakakitia mkebeni?"

"Kama hivyo."

"Na mimi juzi nilipotaka kumwonjesha mtoto ya kwangu ukanitolea macho."

"Mtoto ni mdogo, mama. Na maziwa ya ng'ombe ni ya ndama."

"Na haya ya mkebe yametoka kwa nani? Kwa huyo wifi yako?"

Tulicheka wote wawili, mtoto yuko katikati kitandani akitutazama, na nakumbuka nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mtoto akaanza kuongezeka. Wiki ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu mshale ukapita kilo nne na nusu, nikamshusha, nikamrudisha tena ndani ya suruali kuhakikisha. Niliandika kila kitu kwenye daftari la shule. Alianza kulia kwa sauti akitaka chakula, kilio cha mtoto mwenye nguvu zake, na mama mkwe akawa anamjibu kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani, kwamba asitupigie kelele kama mkusanya kodi. Choo chake kilikuwa cha kawaida, tumbo laini. Kama ni vile vidudu, kama ni kwamba tumbo lake lilipata kujaa tu, sikujua, na kusema kweli sikujali. Nilikuwa nimechoka mno kujali sababu.

Lakini mkebe mmoja ulikwisha kwa siku nane au tisa. Ilipobaki mitano mama mkwe aliipanga sakafuni akaitazama. "Na hii ikiisha?" akaniuliza. Nikamwambia tutaona. Katoni nyingine isingekuja, na maziwa ya mkebe yaliyokuwa madukani Voi yalikuwa mengine kabisa, tena si ya mfuko wetu. Alitikisa kichwa, akairudisha mikebe chini ya kitanda. Ila nilijua kwamba neno hilo, tutaona, halikumridhisha. Mwanamke aliyelea watoto saba hangoji kuona.

Basi asubuhi moja nikatoka shifti ya usiku. Tulikuwa tumezalisha wanawake watatu, na mtoto mmoja hakulia. Nilifika nyumbani, nikaanguka kitandani na viatu. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni na mkebe mkononi.

"Hii mbegu iliyomo humu," akasema, "ukiitia kwenye maziwa mengine, itaota?"

"Ndiyo, mama," nikasema, macho nimefumba. "Itaota."

"Kama ya kibuyu?"

"Kama ya kibuyu."

Akanivua viatu, akavuta pazia. Nililala. Nimeliandika jambo hili hapa mahali pake, na maneno yenyewe, ili msomaji asije akanitafutia udhuru baadaye. Nilisema ndiyo.

Mkebe wa nne ukadumu. Siku nane zikapita, kumi zikapita, siku ya kumi na mbili niliutikisa nikasikia unga bado umo. Mimi, mtu wa vipimo, ninayemgombeza mama wa watu kwa gramu hamsini, niliutikisa ule mkebe nikasema Mungu ni mwema! Wiki hiyo mtoto aliongezeka kidogo sana. Wiki iliyofuata hakuongezeka kabisa, nikasema ni joto. Sikujiuliza chakula kisichopungua mkebeni kimeingiaje tumboni.

Alichokuwa akifanya mama mkwe hakunificha. Kibuyu kilikuwa pale pale jikoni, ni mimi niliyepita bila kutazama. Kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyeleta maziwa kutoka Marungu ndani ya jerikeni ya njano, na mama mkwe alinunua kwake kila siku, nikidhani ni ya chai. Alichukua yale maziwa, hakuyachemsha kwa kuwa maziwa ya kibuyu hayachemshwi, akakoroga humo kijiko kimoja cha unga wa mkebe, akayalaza usiku. Asubuhi alimlisha mtoto. Kijiko kimoja kikafanya kazi ya siku nzima. Alikuwa amepanda mbegu ya Ulaya, ili mikebe ile itufikishe mpaka mtoto aote meno.

Kule Wusi kuna baridi. Maziwa yanachukua siku mbili tatu kuganda, polepole, na ng'ombe anamjua mwenyewe, amemkamua mwenyewe asubuhi hiyo. Voi, chini ya mabati, maziwa yaliyokwisha kuzunguka nusu siku juani, yaliyochanganywa na maji ya kisima cha nani sijui, hayachukui siku mbili. Asubuhi kibuyu kilikuwa kinatoa povu. Aliisikia harufu kwamba ni nyingine. Alidhani ndiyo harufu ya mbegu ya wazungu. Na kila asubuhi, hili alikuja kuniambia baadaye, aliyaonja yeye kwanza, akangoja kidogo aone kama tumbo litamkata, ndipo akampa mtoto.

Ilikuwa Jumatatu, mabenchi yamejaa, nina mtoto wa watu ndani ya suruali ya mzani. Nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba wetu kabla sijamwona. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, babu zake walifuata reli kutoka Mombasa wakaweka duka Voi wasirudi tena, na hakuwa mtu wa kupaza sauti ovyo.

"Ewe mwanangu, acha hayo, njoo umtazame mwanao! Tangu alfajiri ni maji matupu yanamtoka, na sasa hata kulia hawezi."

Alikuwa amembeba ndani ya leso. Nilimfunua. Utosi ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Nimewafinya watoto wengi, najua ngozi ikisimama hivyo umebakiwa na saa ngapi. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: nilimtoa yule mtoto wa watu, nikamtia wangu kwenye mzani. Mshale ukaenda ukasimama chini ya pale ulipokuwa kabla ya mikebe kuja. Akina mama wote sasa walikuwa kama wanaisoma ile kadi ambayo sikuwahi kuitoa mfukoni.

Mama mkwe alikuwa nyuma, ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Alikuwa amekileta ili daktari akione. Daktari alitoka, akakinusa, akakirudisha nyuma haraka. "Huyu mtoto amepewa hii?"

"Ndiyo," mama mkwe akasema. "Na unga wa mkebe kidogo, wa mbegu."

Hapo nilipandwa na wazimu. Nilimgeukia mbele ya watu wote. "Umetaka kuniulia mwanangu! Mtoto wa miezi minne! Nani alikuambia umpe uchafu huu? Nani?"

Na neno halijatua, nikakumbuka. Nilikumbuka mlango, mkebe, sauti yangu mwenyewe ikisema itaota.

Alinitazama. Kisha akatazama yale mabenchi, akina mama waliokuwa wamenyoosha shingo, akateremsha macho.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Ni ushamba wangu tu."

Sikusema kitu.

Ningeweza. Maneno yalikuwa machache: ni mimi, mama, ni mimi niliyesema ndiyo. Nilikuwa na mdomo, ule ule niliokuwa nikiwagombezea watu kila Jumatatu. Niliufunga. Mmoja kwenye benchi akasema, "Hawa wazee wetu, jamani," na mwingine akaniambia, "Pole sista." Nikaipokea ile pole. Daktari akaandika kwenye kadi kwamba nyanya alimpa mtoto maziwa yaliyoharibika. Mfagiaji akakichukua kibuyu akakipeleka shimoni pamoja na takataka nyingine, na mbegu yake yote. Nilimwona akipita nacho na hapo pia nikanyamaza.

Walipata mshipa wa kumtilia dripu kichwani baada ya kumchoma mara nyingi sana. Siku tatu nilikaa ubavuni mwake na kijiko cha maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja, ngoja, kijiko kingine, ngoja. Akitapika naanza upya. Siku ya pili asubuhi alikojoa, na nililia juu ya ule mkojo kama mtu aliyeokota dhahabu. Siku ya tatu aligeuza kichwa akitafuta kijiko mwenyewe. Daktari akaniambia nikalale. Nikamwambia nimesahau namna yake.

Nilipofika nyumbani mama mkwe hakuwepo. "Mavyaako kaondoka jana," mama mwenye nyumba akaniambia. "Alingoja mpaka nikamletea habari kuwa mtoto kakojoa, ndipo akafunga mzigo wake. Vyombo vyote kaviosha. Hata kidogo hakutaka kula." Alinitazama kwa namna ya watu wazima wanaojua zaidi ya walichoambiwa. Sikumwangalia usoni.

Mwisho wa mwezi mume wangu alikuja. Nilimpa kadi, akasoma alichoandika daktari. Akapanda Wusi siku hiyo hiyo kumgombeza mama yake. Nilisimama mlangoni nikamwona akienda, nikajiambia akirudi nitamwambia. Aliporudi alikuwa amechoka, na mimi nimechoka, tukala tukalala. Hivyo ndivyo uwongo unavyokaa ndani ya nyumba. Haukai kwa ujanja wowote, unakaa kwa sababu watu wamechoka.

Nilichukua likizo isiyo na mshahara, nikamlisha mwanangu mwenyewe ile mikebe iliyobaki, kijiko kwa kijiko, kama ilivyoandikwa. Akaongezeka tena. Siku moja nilimuuliza daktari kama anadhani ni vile vidudu. Akasema hata nikimuuliza kila wiki atanijibu vile vile, kwamba mtoto mmoja kwenye mzani mmoja hawezi kumfundisha mtu hilo, na kwamba mimi nishukuru kuwa nina mtoto wa kupima. Nilishukuru. Lakini kila nilipomweka kwenye ile suruali na mshale ukapanda, nilikiona kile kibuyu kikipelekwa shimoni, na sikuwa na haja ya daktari kunieleza kwa nini.

Alikuwa na miezi minane nilipopanda Wusi. Nilikuwa nimeahirisha mara nyingi. Mara mvua, mara shifti, mara homa ya mtoto isiyokuwepo. Niliteremka kwenye matatu barabarani, nikapanda kwa miguu ile njia ya kati ya mashamba, mtoto mgongoni, baridi inaingia kwenye mikono ya blauzi. Nilimkuta mama mkwe jikoni anamenya viazi. Alisimama, akajipangusa mikono, akamtoa mtoto mgongoni mwangu kabla sijamsalimu sawasawa. Akampima kwa mikono yake, juu, chini. "Huyu sasa ni mtu," akasema. Akampakata, akaendelea kumenya, mikono yake ikipita mbele ya tumbo la mtoto.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yalinitoka kichwani. "Mama," nikasema, "ni mimi niliyekuambia itaota."

"Najua."

"Nilikuwa nimelala nusu, lakini nilisema. Nilikumbuka pale pale kliniki. Nikanyamaza."

"Niliona ulipokumbuka," akasema. "Si nilikuwa nakutazama?"

"Kwa nini hukusema?"

Alitupa kiazi ndani ya sufuria, akachukua kingine. "Mimi wangeniita mshamba. Na mshamba ni mimi, tangu kuzaliwa, hakuna nilichopoteza. Wewe wangekuita nani? Wale wote waliokaa pale, kesho yake nani angekupa mtoto wake umpime?"

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kamasi zikanitoka, mpaka mtoto naye akaanza. Nikamwambia nitamwambia mwanawe, nitamwambia daktari abadilishe kadi. Akasema mwambie mume wako, ni haki yake. Hiyo kadi iache, kadi haina moyo. Nikamuuliza alijisikiaje siku ile mwanawe alipopanda kumgombeza. "Aligomba," akasema. "Akachoka, akala, akarudi kazini." Alikuwa akisema kwa upole, na ule upole ulinichoma kuliko angenifukuza.

Viazi vikaiva. Aliviponda na maziwa ya ng'ombe wake aliyoyachemsha mbele yangu, yakafura mara mbili, na alihakikisha nimeona. Akapoza kwa kupuliza. Akamweka mtoto vizuri kwenye paja, kichwa kimeegemea mkono wake, namna ambayo mimi sikuwahi kuiweza. Nilingoja amlishe. Akanisogezea bakuli na kijiko.

"Mlishe wewe," akasema. "Mimi nitamshika."

"Mama, nakuomba, mlishe wewe."

Akatikisa kichwa, na hakuwa na hasira. Aliendelea kunishikia kile kijiko mpaka nikakipokea. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki tulizaa wengine wawili, na wifi zangu wakazaa wao, na kila mtoto alipakatwa na yeye kwanza. Hakumtia hata mmoja wao chakula kinywani.